Mama na Kobe, Gari la Kabla ya Vita

Wenzangu mliokulia Langley Park, huku Marekani, miaka ile ya elfu mbili na kitu, hebu tuambiane ukweli. Hawa vijana wa leo hawaendeshi magari, wanabebwa. Kijana anaingia ndani, anabonyeza kitufe, anachomeka simu, basi gari linaanza kumfundisha: kata kulia, kata kushoto, angalia umetoka kwenye mstari wako. Akitaka kurudi nyuma, anatazama televisheni. Tairi likipata pancha, anakaa kando ya barabara na kupiga simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Halafu Jumapili baada ya ibada atasimama mbele yako na kukuambia kwamba yeye ni dereva!

Mimi nimekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari lililoundwa Detroit kabla ya vita vya pili vya dunia. Lilikuwa jeusi, mgongo wa mviringo, taa zimetokeza mbele kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Milango yake ya nyuma ilifunguka kinyume, kama ya kabati. Mdogo wangu Upendo aliliita Kobe siku ya kwanza alipoliona, na jina likashika.

Kobe alikuja kwetu kwa njia hii. Baba alikuwa mpakiaji kwenye ghala moja kule Landover. Alikuwa na mwenzake pale, mzee wa Kimarekani aliyeitwa Walter, aliyekuwa akiishi Greenbelt. Mzee huyo alilitunza lile gari bandani kwake jinsi watu wa kwetu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Baba alianza kwenda Jumamosi kulitazama tu. Baadaye akaanza kulisugua. Mara tukamwona analala na grisi kwenye kucha. Mzee Walter alipostaafu na kuhamia kwa binti yake huko kusini, mahali pasipo na banda, alimwita Baba akamkabidhi funguo. Alimwambia, "Gari hili siliuzi, naliozesha, na mahari yake ni kulitoa nje kila wiki." Ndivyo Baba alivyotutafsiria. Sidhani kama mzee Walter alijua mahari ni kitu gani.

Mama alisimama kwenye ngazi za ghorofa letu, mikono kiunoni, akalitazama likiingia.

"Baba Rehema," alisema, "watu wanakuja Marekani waende mbele. Wewe umekuja kurudi nyuma?"

Majirani zetu wa kutoka El Salvador walitoka wote, wakalizunguka, wakaligusagusa boneti kwa heshima kama wanaogusa farasi. Mama akasonya, akarudi ndani kupika.

Lakini Jumapili jioni alikuwa hana budi kupanda. Na nani kati ya vijana wa leo angeweza hata kuliwasha? Kwanza unafungua kwa ufunguo, halafu unavuta choki, kile kishikio cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, kidogo, si sana, kisha unakanyaga stata iliyoko sakafuni, na huku unasikiliza. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Ndani kulinuka petroli, vumbi na sufu ya zamani ya viti, ile inayochoma miguu ya mtoto aliyevaa gauni fupi. Redio haikuwepo, kwa hiyo tuliimba nyimbo za kwaya. Kiyoyozi chetu kilikuwa dirisha. Waipa zake ziliendeshwa na pumzi ya injini yenyewe, hivyo injini ilipohangaika kupanda mlima, waipa nazo zililala. Mvua na mlima vikija pamoja, Baba alisimama kando tukala chapati mpaka mvua ikate. Hakuna aliyelia kwamba amechoka kusubiri. Leo mtandao ukikatika kidogo tu, nyumba nzima inalia.

Indiketa hazikuwepo pia. Dereva alitoa mkono dirishani: ukinyooka, tunakata kushoto, ukikunjwa kwenda juu, tunakata kulia, ukishuka, tunasimama. Mimi niliketi nyuma ya Baba, nami nilitoa wangu pamoja na wake. Mikanda ya usalama Baba aliiweka mwenyewe, maana Kobe alizaliwa wakati watu wakijishikilia kwa imani. Barabara kuu ya mzunguko hatukuigusa. Tulipita za ndani, polepole, mpaka ziwani Greenbelt. Wazee wa pale, ambao mji wao ulijengwa miaka ileile aliyoundwa Kobe, waliinuka kwenye mabenchi kumpungia kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Baba alijibu kwa kugusa kofia. Mama alitazama upande wa pili.

Aliyemtia Mama maneno alikuwa kaka yake, Mjomba Festo. Mjomba alikuwa na gari jeupe, refu, la viti vya ngozi, ambalo ndani yake hukuruhusiwa kula, kunywa, wala kukohoa kwa nguvu. Kila akija kwetu aliliegesha mbali na Kobe, utadhani uzee unaambukiza.

"Shemeji," alikuwa akimwambia Baba, "hili ni gari au jeneza?"

Baba alicheka tu. Baba alikuwa mtu wa kucheka.

Sasa, miaka hiyo Mama alikuwa anasafisha maofisi usiku. Sisi tuliporudi kutoka shule alikuwa amelala, na tulipolala alikuwa anatoka. Tulimjua zaidi kwa sauti ya mlango. Kiangazi kimoja akapata nafasi ya kumtunza bibi mmoja wa Greenbelt, kazi ya mchana. Sharti lilikuwa moja tu: awe na leseni ya udereva kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu bibi yule alitakiwa kupelekwa hospitali. Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Na gari letu lingine, la Kijapani, ambalo lilijibadilishia gia lenyewe, lilikuwa limekufa gia boksi.

Mjomba Festo akajipiga kifua. "Dada, usihangaike. Siku ya mtihani utatumia langu. Ila mazoezi tafuta pengine, unaelewa."

Pengine palikuwa Kobe.

Baba alimpeleka Landover, kwenye viwanja vya kuegeshea karibu na uwanja wa mpira, siku ambazo hakukuwa na mechi. Mama alijifunga mtandio mpaka kwenye paji la uso, akavaa miwani myeusi, ili mtu wa kanisani akipita asimjue. Upendo na mimi tuliketi nyuma. Gia zilipiga kelele kama sufuria inayoburutwa kwenye sementi.

"Kanyaga klachi, toa gia, achia, kanyaga tena, ndiyo uingize," Baba alisema.

"Hili gari linataka miguu mitatu. Mungu amenipa miwili."

"Wa tatu ni sikio, Mama Rehema. Msikilize, atakuambia lini."

"Nimsikilize Kobe? Mimi nimeshindwa kukusikiliza wewe."

Tukauma midomo. Mama akatutazama kwenye kioo. "Atakayecheka atashuka atembee mpaka Langley Park."

Juma zima alilia, akatukana kwa Kinyakyusa cha kwao, akaapa kwamba harudi. Kesho yake alirudi. Jioni moja gia ya pili iliingia laini kama kisu kwenye siagi. Mama alipofika mwisho wa kiwanja, mahali walipozoea kusimama wabadilishane viti, aligeuza usukani akazunguka tena, bila kuambiwa.

Ikafika siku ya mtihani. Joto la Julai, lile linalolainisha lami. Mama alivaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino kifupi, tukakaa wote kwenye ngazi kumngoja Mjomba. Tulingoja mpaka simu ikalia.

"Dada, nimefikiria," tulimsikia Mjomba, maana daima aliongea kama yuko mkutanoni. "Unajua hili gari ni la kukodi, si langu kabisa. Wakilikwaruza huko... Omba tarehe nyingine tu, dada. Haraka ya nini?"

"Asante, kaka," Mama alisema. Akakata simu, akavua miwani myeusi, akaitia kwenye mkoba.

"Baba Rehema, lete funguo."

"Kwa joto hili? Kobe anaweza kuzima katikati ya mtihani."

"Basi lete na vibanio."

Nieleze vibanio, maana najua kuna vijana watasoma hapa. Joto likizidi, petroli ya gari kama lile ilichemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye injini, na gari likazima. Dawa yake, aliyoiacha mzee Walter, ilikuwa kubana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo juu ya lile bomba, vipunguze moto, na kuwa na chupa ya maji karibu. Leo gari likizima hawajui hata boneti inafunguliwa wapi.

Kwenye ofisi ya leseni, mtihani ulifanyika uwanja wa nyuma, katikati ya koni. Foleni ilikuwa ya vijana wenye magari ya wazazi wao. Walipotuona, walitoa visimu vyao vya kukunja wakapiga picha. Mmoja alimuuliza Baba kama farasi wamebaki nyumbani. Mtahini alikuwa mwanamke mweusi wa Kimarekani, mrefu, uso hauna masihara. Alilizunguka gari mara moja.

"Umekuja na hili?"

"Ndiyo, madam."

"Indiketa ziko wapi?"

Mama akatoa mkono dirishani, akaunyoosha, akaukunja juu, akaushusha. Yule mwanamke akaandika kitu kwenye fomu yake.

"Sijawahi kutolewa ishara ya mkono tangu nianze kazi hii," alisema, akafungua mlango akapanda.

Tulitazama kupitia uzio. Usukani wa Kobe ni mzito, hauna msaada wowote, na kwenye kuegesha kinyumenyume Mama alikaribia kuusimamia wima. Koni ilitikisika, haikuanguka. Gia ziliingia kimya. Kisha, kwenye alama ya mwisho ya kusimama, Kobe alitetemeka, akazima.

Foleni ikaangua kicheko. Baba alishika uzio, na mlinzi akamwambia asivuke. Upendo akaanza kulia.

Mama alishuka. Hakuharakisha. Alifungua boneti kwa ubavuni, akavisogeza vibanio, akamimina maji kwenye bomba taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, akapangusa mikono kwenye gauni lake la kanisani, akarudi kuketi. Akakanyaga stata. Kimya. Akakanyaga tena. Injini ikakohoa, ikashika, na moshi kidogo ukatoka nyuma kuelekea kwa wale waliokuwa wakicheka. Mama akatoa mkono dirishani, akakata kushoto, akarudi mpaka mbele yetu.

"Nimeshindwa?" alimuuliza mtahini.

"Aliyezima ni gari, si wewe. Umefaulu." Yule mwanamke alishuka, akasita. "Ila niambie, vile vibanio ni vya nini?"

"Vya kuanikia nguo," Mama alijibu.

Baba alitaka kuendesha kurudi nyumbani. Mama hakumsikia. Na hakwenda nyumbani, alikwenda kwa Mjomba Festo, akaegesha nyuma ya lile gari jeupe, karibu mno, akapiga honi mpaka Mjomba akatoka na kandambili.

"Nilikuwa napita tu, kaka," Mama alisema, akarudisha gia kinyume bila sauti, tukaondoka.

Kazi aliipata. Jioni ya kwanza alirudi kabla ya jua kuzama, akasonga ugali, tukala wanne mezani mpaka sufuria ikabaki na ukoko. Upendo alimtazama muda wote kama mgeni. Na yule bibi wa Greenbelt, aliposikia habari za Kobe, alikataa kupelekwa hospitali na gari lake mwenyewe. Mama alilalamika kila mara: kizee kinakipenda kizee. Lakini tulimwona akilipiga rangi ya viatu kwenye matairi.

Tulipohamia nyumba za mpangilio, zile ambazo kamati inakuchagulia hata rangi ya mlango, waliandika kwamba gari la namna ile linaharibu sura ya mtaa. Sura gani? Nyumba zote zinafanana kama meno ya bandia! Mtu wa Virginia akaja kulichukua kwa trela. Baba alisimama nje ameshika kitambaa, akilipangusa hata lilipokwisha kufungwa minyororo. Mama hakutoka. Nilimkuta jikoni anaosha sahani, na sahani zote zilikuwa safi.

Mwezi uliopita Tiffany, binti wa Mjomba Festo, alimpeleka Mama kliniki kwa gari lake la umeme. Nilikuwepo. Walipofika, Tiffany aliweka mikono mapajani, na gari likajiegesha lenyewe, usukani ukizunguka kama umepagawa. Mama aliutazama ule usukani, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Sasa wewe humu ndani unafanya kazi gani?"

"Nasupervise, shangazi," alisema Tiffany, bila kuona haya. Mama alisonya kwa urefu ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto.

Siku hizi nikipita Langley Park naona wamechimba kila mahali kwa ajili ya reli mpya, na watoto wako ndani na simu zao. Enzi zetu, Baba alipokuwa bado mtaa wa pili, tulimsikia. Tuliacha mpira, tuliacha daftari, tuliacha chakula mdomoni, tukateremka ngazi mbiombio kumpokea. Magari ya leo hayana sauti. Baba wa leo anafika, anaegeshewa, anafungua mlango, anaingia mpaka sebuleni, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kwamba amerudi.