Mikono ya Mama Mkwe

Nilianguka kutoka juu ya tangi la maji nikilisafisha kabla ya mvua, hapa nyumbani karibu na Kanyangi, nikavunjika nyonga. Baada ya upasuaji nilirudishwa nyumbani nilale tu. Mume wangu alirudi kazini mjini Salama, nikabaki na mama yake.

Dawa za maumivu zilinifunga tumbo. Siku zikapita bila haja kubwa. Tumbo likawa gumu, chakula sikitaki, na nilimwogopa mama mkwe kuliko maumivu yenyewe. Ningemwambiaje mama wa mume wangu jambo kama hilo? Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Mwana wakwa, mwanangu, mbona huendi choo?"

Nikamweleza huku nikilia.

Jirani aliposikia alikuja na kipande cha mpira na maji ya sabuni ya kufulia, akitaka kunisafisha tumbo kwa njia ya nyuma. Mama akamzuia mlangoni. "Hapana. Sabuni hiyo itamchoma ndani. Na huo mpira umetoka wapi?" Akajifunga leso, akaenda kliniki kumwita muuguzi.

Muuguzi alinipima tumbo kwanza, akauliza kama natapika au natoa damu. "Ungekuwa na hayo, ningekupeleka hospitali sasa hivi," alisema. Kisha akamwonyesha mama kila kitu: mfuko mpya wa enema, ule wa kuingizia maji kwa njia ya haja kubwa, maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, chumvi kwa kipimo chake. Nikalala ubavu wa kushoto, wakanikunjia mguu usioumia taratibu na kuuwekea mto ule wa nyonga iliyovunjika.

Mara ya kwanza muuguzi alinifanyia mwenyewe, choo kikatoka kidogo tu; mara iliyofuata tulikuwa wawili, mimi na mama. Mama alifunga mlango, akanifunika shuka, akanawa mikono, akavaa glavu. Alijaribu joto la maji kwenye kifundo cha mkono wake, kama anayempimia mtoto maziwa. Akapaka ncha ya mpira mafuta.

"Pumua. Ukisikia uchungu sema, nitaacha. Hatusukumi kitu kwa nguvu."

Maji yaliingia polepole, maana mfuko hakuuinua juu sana. Nilificha uso kwenye mto kwa aibu. Yeye akaanza kunieleza jinsi mbaazi zilivyochanua, kana kwamba tumeketi jikoni. Kisha akaniwekea beseni, akageuka dirishani.

Choo kilipotoka, nilihisi nimerudishiwa mwili wangu. Nilisema asante, mama, asante, mpaka akacheka.

"Unanishukuru kwa mavi?"

Tukacheka wote, nami nikishika nyonga iliyouma.

Alimwaga vyote chooni, akaosha mpira kwa sabuni, akauchemsha na kuuanika juani mahali pake peke yake. Haukutumiwa na mtu mwingine yeyote. Wala hakutaka tuzoee enema. Alinipikia uji wa wimbi, akaniletea mapapai kutoka Mukuyuni, akasimama mbele yangu mpaka nimalize maji. Muuguzi alipobadilisha dawa, tumbo likaanza kufanya kazi lenyewe.

Sasa natembea, nikichechemea kidogo. Kabla ya kuanguka nilikuwa nikimwamkia mama mkwe kwa heshima, kisha kila mmoja anashika njia yake. Siku hizi jioni tunachambua pojo pamoja, naye hunisimulia mambo ambayo hata mwanawe hayajui. Nikiomba kanisani, humtaja yeye kabla ya wote.