Mtu wa Hesabu Hakuwapelekea Rurambo Mahindi ya Joto

Jirani yangu wa Rugenge amefariki. Presha ilimwangusha asubuhi, mswaki ukiwa bado mkononi, na baada ya siku mbili tukamsindikiza makaburini. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sitaji majina ya watu, na lake pia sitalitaja, ingawa safari hii desturi yangu inanikera mwenyewe. Matangani, kabla ya maziko, alifika mama mmoja wa Rurambo, kule mlimani, aliyekuwa ameteremka sokoni. Aliitazama picha ya marehemu juu ya meza, kisha akaniinamia sikioni. "Papa, njo ule muntu wa ordinatere? Njo yeye alituleteaka mahindi ya joto?" Nikamwambia mtu wa kompyuta ndiye, wa mahindi hapana. Hakuniamini, na simlaumu, maana waliomwambia hivyo walivaa vizuri kuliko mimi. Nina hasira tangu siku ile, na ninaandika nayo.

Kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, marehemu alikuwa karani wa mizigo pale bandari ya Kalundu, na ndipo nilipomfahamu. Wapagazi wa Kalundu wana desturi yao. Aliye botini huita alama iliyochorwa kwenye gunia, tuseme "Nyota mbili!", na mpagazi hatii mguu kwenye ubao mpaka karani aliye nchi kavu aione alama hiyohiyo katika karatasi zake na kuitikia, "Nyota mbili iko!" Siku moja mvua ikiwa imefunga, nahodha mgeni aliamuru magunia yashushwe kwa kufuatana tu, kwa kuwa karatasi nazo ziliandikwa kwa kufuatana. Jirani yangu akajisimamisha katikati ya ubao. "Chef, muzigo haina kinywa," akasema. "Ukiiweka pa mwenzake, haitasema kitu." Nahodha alimtukana yeye na ukoo wake wote. Mvua ikanyesha, wakaloa wote pamoja na magunia, na mizigo ikaitwa mmoja mmoja hadi wa mwisho. Mimi niliyekuwa nangoja gunia langu la dagaa nilimwona mkaidi, na nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Baadaye, katika umri ambao wenzake walikuwa wanaulizia wajukuu, alijifunza kuandika programu za takwimu, akapata kazi katika ofisi moja ya kugawa mbegu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kijiji kilikuwa na jedwali la mavuno ya majaribio, mistari ikiwa aina za mahindi na safu zikiwa mashamba. Jedwali kama hilo watu wa hesabu huliita matrisi. Majedwali ya msimu wa kwanza yaliwekwa katika orodha moja, ya msimu wa pili katika orodha nyingine. Kisha kompyuta hupewa kanuni moja iipitishe katika orodha zote mbili kwa pamoja, jedwali la kwanza la huku na la kwanza la kule, la pili na la pili, hadi mwisho, na kwa kila jozi itaje mbegu iliyozaa vizuri zaidi. Alinionyesha barazani kwake, akifurahi kama mtu aliyepata jembe jipya: mstari mmoja tu wa maandishi, na vijiji vyote vimepimwa. Ila mtaalamu aliyetumwa kutoka juu alikuwa amepanga orodha ya kwanza kwa alfabeti, na ya pili akaiacha jinsi fomu zilivyofika. Fomu za Rurambo, kwa barabara ile mnayoijua, zilifika mwisho. Basi Rurambo ya baridi ikaozeshwa kijiji cha uwanda wa Ruzizi, mavuno makubwa ya bondeni yakafunika yale ya mlimani, na jibu likatoka kwamba Rurambo wapande mahindi ya joto.

Jirani yangu aliliona kosa kabla ya gunia moja kupakiwa. Alimfuata mkubwa wake na karatasi mkononi, akaomba kila jedwali liandikwe jina la kijiji chake, na majina yalinganishwe kwanza ndipo kanuni ipite. Mazungumzo yao alinisimulia jioni ile ile, akiiga sauti zote mbili. "Mashini imekatala?" mkubwa akauliza. "Hapana, chef. Mashini haikatalake. Majedwali yote iko na kipimo moja, haiwezi kujua ya nani ni ya nani." "Basi weye ni nani ya kubishana na mashini?" Mbegu zikapanda mlima. Mahindi yalikoma magotini, magunzi yakatoka bila punje, na walioshukuru Rurambo mwaka ule ni ng'ombe peke yao. Wananchi walipolalamika, ofisi ilituma watu waliosema kwamba kosa lilikuwa la mtu wa kompyuta. Mtu wa kompyuta alikuwa mmoja tu. Nilimsihi apande Rurambo akajieleze, akatikisa kichwa. "Minye niende kusema nini? Mahindi yao haitarudi."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimechoka kusikia "kompyuta imesema". Kompyuta haijawahi kusema lolote; inaunganisha ilichopangiwa na mtu, na ukiipangia vibaya haitaona haya. Aibu ni ya kwetu, na sisi tunaikabidhi kwa aliye chini kabisa ya ngazi. Wapagazi wasiojua kusoma zaidi ya alama za magunia wanalijua jambo ambalo ofisi yenye viyoyozi imelikataa: usitende lolote juu ya kitu cha mtu kabla hujaliita jina lake na kungoja jibu.

Makaburini ofisi ilileta barua, ikasomwa na kijana mwenye tai. Ilimshukuru marehemu kwa "mchango wake katika ugawaji bora wa mbegu". Nilitaka kuondoka. Lakini wapagazi wa Kalundu walikuwa wamekuja, na jeneza lilipokuwa linashushwa, mmoja wao aliyesimama juu akaita majina yote matatu ya marehemu kwa sauti ya bandarini. Mwenzake aliyekuwa ndani ya shimo, akilipokea, akaitikia: "Iko!"

Mama wa Rurambo alikuwa kando yangu. Akaniuliza kwa nini wanamwita mtu aliyekufa. Nikamweleza yote, ya ubao, ya orodha mbili, ya karatasi aliyompelekea mkubwa wake. Udongo ukaanza kurudishwa.

"Basi angetuita na siye," akasema.

Alitaka kuwaita, mama. Alikatazwa.