Ngozi ya Mgongo

Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki katika gereji ya Mwingereza mmoja mjini Arusha, na kwa miaka mitatu watu walimsifu kwa kitu nilichokuwa nakitengeneza mimi, uani kwetu Sekei, nimekaa kwenye kigoda na kisu cha kumenyea ndizi. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani naandika kumpamba marehemu. Nilimpenda, ndiyo. Lakini hili sijalimeza hadi leo.

Kitu chenyewe kilikuwa sili. Pikipiki zilizokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na shokapu mbili nyuma, kila moja na springi kwa nje na bomba la mafuta ndani. Ndani ya bomba hupanda na kushuka fimbo ya chuma, na pale fimbo inapotokea pana sili ya kuzuia mafuta yasivuje. Kwa barabara zetu za mlimani, mawe wakati wa kiangazi na mifereji wakati wa masika, sili haikumaliza mwaka. Ikilika, mafuta yanatoka yote, inabaki springi peke yake, na mwenye pikipiki anarushwarushwa mpaka kiuno kinamkataa. Sili mpya iliagizwa Uingereza kwa meli. Ungeweza kupata mimba ukazaa kabla haijafika.

Siku moja mume wangu alirudi na sili iliyokufa mfukoni, akaiweka mezani karibu na chai.

"Mama watoto, hebu iangalie hii. Si ngozi tu?"

Niliishika. Ilikuwa ngozi kweli, imekunjwa mdomo ikawa kama kikombe kidogo. Niliivuta kidogo nikajua aliyeikata huko Ulaya alitumia ngozi ya tumbo. Ya tumbo huvutika. Ya mgongo, karibu na uti, ndiyo hukaa.

Hayo niliyajua kwa mama yangu. Huku kwetu Meru kazi ya ngozi ilikuwa ya wanawake. Kabla ya nguo za dukani wao ndio waliowamba ngozi, wakazikwangua, wakazilainisha kwa mafuta na kuzishona. Tulipobatizwa tuliambiwa hayo ni mambo ya gizani, tukavaa magauni, na mama akaacha. Lakini mikono yake haikusahau, na kabla hajafa alinifundisha yote. Alisema hata kama sitavaa ngozi, angalau nisidanganywe nikienda kuinunua.

Basi nikaanza. Ngozi niliitoa Kisongo kwa wafugaji, nikailoweka kwenye maji ya magome ya miti ya miwati siku nyingi, mpaka ikawa nyekundu. Mume wangu alinichongea kibao chenye tundu na kigingi cha kulingana nalo. Nilikata duara kutoka mgongoni, nikalilaza likiwa bado limelowa juu ya tundu, nikalisukuma na kigingi, nikaliacha likauke kivulini. Likikauka limeshika umbo, nalipunguza kingo kwa kisu, nalitoboa katikati pa kupitia fimbo, kisha nalizamisha kwenye mafuta ya mkia wa kondoo yenye uvuguvugu.

Za kwanza zilitutia aibu. Mume wangu alizifunga kwenye pikipiki ya bwana shamba mmoja aliyekuwa akikagua kahawa milimani. Ulipofika mwezi wa saba na ule ukungu wake, mafuta ya kondoo yaliganda, shokapu zikawa ngumu mpaka saa sita mchana. Bwana shamba alishuka akitembea kama mwanamke wa miezi tisa. Tulicheka mimi na mume wangu mpaka tukashikana mabega. Nikachanganya mafuta ya nyonyo, baridi ikashindwa. Siku zile nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha.

Yeye ndiye aliyetaka tusiseme. "Nikimwambia Mwingereza sili imetoka uani kwa mke wangu, ataitupa kabla hajaijaribu. Namwambia natengeneza mwenyewe, kwa mikanda mikuukuu ya mashine. Lakini tukifungua gereji yetu, nitakusimamisha mbele ya watu wote niseme ni wewe."

Nikakubali. Nilikuwa na hamu ya siku hiyo kuliko nilivyokuwa na hamu ya gauni au kitanda. Nilishaijua hata kanga nitakayovaa.

Sifa zikaenea. Pikipiki zilimjia kutoka upande wa Sokon, kutoka mashambani, hata ya Mchungaji wetu, aliyekuwa akipanda nayo mlimani kila Jumapili na vikombe na divai ya Meza ya Bwana ndani ya mfuko wa turubai. Baada ya kufungiwa sili zangu, Mchungaji alimshukuru mume wangu kanisani, mbele ya wote, kwamba sasa divai haimwagiki. Wanaume upande wao waligeuka kumtazama. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, naangalia kucha zangu zenye wekundu wa magome.

Mwaka ule kukawa na fununu kwamba binti wa jirani anaandaliwa kukeketwa kwa siri. Usharika ulikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Na mwali wa kimila huvikwa ngozi. Sasa nani mtaani anawamba ngozi? Alasiri moja Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili wa usharika. Yeye alikuja na pikipiki, na ilipopita kwenye shimo la pale langoni ilizama ikainuka polepole, bila kelele. Hata katika hofu ile niliona.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mama. Hizi ngozi ni za nini?"

"Ni za sili, Mchungaji. Za shokapu. Hata hiyo pikipiki yako inazo."

Mzee mmoja alitabasamu, lile tabasamu la kumsikiliza mtoto. Mchungaji akamgeukia mume wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, na ovaroli yake bado mwilini.

"Baba, ni kweli asemavyo mama?"

Nilimtazama. Sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Nilijiambia, kumbe siku yenyewe ni leo, na kanga sijavaa.

Jina lake lilikuwa limependekezwa kwa uzee wa usharika. Na Mwingereza alikuwa amemfanya mkuu wa mafundi kwa sababu ya sili zile. Haya niliyaunganisha baadaye. Wakati ule niliona tu anafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Sili natengeneza mwenyewe gerejini," akasema. "Hizi ngozi mimi sizijui."

Nilitengwa. Miezi sita bila Meza ya Bwana, nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wanawake niliopalilia nao kahawa wakivuta magauni yao nikipita. Binti wa jirani, kwa taarifa yako, alikuwa amepelekwa tu kwa shangazi yake Moshi kujifunza cherehani. Hakuna aliyerudi kuniambia pole.

Mume wangu hakuniomba radhi. Wiki ya pili alikuja jikoni akasimama nyuma yangu.

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Fanya nyingine polepole, huko nyuma ya migomba, watu wasione."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Kunikana mbele ya wazee ningeweza kusema ni woga, na mwoga ni mtu. Lakini kutaka niendelee! Nilimpa zile nane, na sikukata nyingine.

Siku ya kurudishwa kundini nilisimama mbele ya usharika mzima. Mume wangu alikuwa ameketi kiti cha mbele pamoja na wazee, mzee mpya, na koti jipya.

"Mama," Mchungaji akauliza, "ngozi zile umeziacha?"

"Nimeziacha."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mchungaji. Sitatengeneza tena hata moja."

Watu wakaitikia amina. Mume wangu ndiye peke yake aliyeinua kichwa. Tulitazamana kwa mara ya kwanza tangu ile alasiri, na mimi ndiye niliyechelewa kuondoa macho.

Nje, shokapu ya kushoto ya pikipiki ya Mchungaji ilikuwa imelowa mafuta, vumbi limeshikana nayo. Mchungaji alimwonyesha mume wangu. Nilimsikia akijibu, "Wiki hii hii, Mchungaji, nitakutengenezea."

Nyumbani nilipika ndizi na nyama, nikampakulia kwanza yeye. Alikula vizuri, akasema zimeiva sawasawa. Akanawa mikono, akakohoa.

"Kile kibao chenye tundu," akasema, "na kigingi chake. Umekiweka wapi?"

Nilimwonyesha jikoni, majivu yaliyokuwa bado yana joto kati ya mafiga.

"Ndicho kilichoivisha hizo ndizi," nikamwambia.