Chubwi za Baba Kificho

Wavuvi wa kwetu, huku kaskazini ya Pemba, wanamjua baba yangu Kificho kwa chubwi zake, yale mapande ya risasi yanayozamisha nyavu. Alikuwa akivunja betri mbovu za magari pembeni ya ziwa letu la chumvi, akiyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu za tope. Tope la ziwa halipasuki likikauka, ndiyo maana hakutaka jengine. Kalibu ikivunjika aliirudisha majini.

Akimaliza huja kwangu na nguo zile zile, na mwanangu Khairat, wa miaka mitatu, humrukia shingoni. Nikirudi kutoka ziwani na tondoo, wale konokono wa topeni, nawachemsha, naye huwatoa maganda kwa mwiba, akimlisha mjukuu mmoja mmoja.

Mwaka jana alikuja mtafiti, binti anaitwa Asya, akachota tope kwa mirija. Baada ya miezi akarudi, akakaa barazani kwetu. Alisema tope lina risasi nyingi, na nyingi zaidi ni pale anapofanyia kazi baba.

"Tondoo wa pale asipewe mtoto, mzee wangu. Na vumbi la nguo nalo baya. Risasi humharibu mtoto akili."

Baba aliitazama mikono yake. Mimi niliutazama mkoba wangu wa tondoo, maana muokotaji ni mimi.

Khairat akatolewa damu, tukaambiwa majibu wiki tatu. Wiki hizo baba aliishia nje ya ua. Mtoto akimkimbilia, yeye anarudi nyuma.

"Babu leo hana mikono," alimwambia.

"Unayo. Naiona."

Nikaingia jikoni nisionekane.

Majibu yalipokuja, risasi imo, ila si nyingi. Daktari alisema itapungua asipoipata tena, na kipimo cha pili ni mwezi wa Mfunguo Tatu. Nilimfuata baba kwake nikamwambia. Alikaa chini pale pale mchangani, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Ziwani hakurudi tena. Sasa anafinyanga chubwi kwa udongo wa shamba, anazichoma kwa makumbi ya nazi. Ni nene, si nzito kama zile, na wateja wamepungua.

"Mzee Kificho," mvuvi Msellem alimtania, "nvue samaki au n'kauze vyungu?"

"Samaki hupikwa kwenye nini, yakhe? Chukua."

Akachukua.

Jana baba alipitia mlango wa uani, akaoga, akavaa shuka safi niliyomtundikia kwenye kamba. Kisha akachuchumaa mbele ya Khairat, akamnyoshea mikono. Mtoto aliigeuza huku na huku, akainusa, akachungulia kucha moja moja kama alivyoniona mimi nikimfanyia yeye.

"Leo unayo," akasema, akampanda shingoni.