Roshani ya Mwalimu

Yamesemwa mengi juu ya roshani ile, hata kwamba Mwalimu aliibomoa kwa ukata ili auze mbao. Si kweli.

Aliijenga baba yake, wakati nyumba yao ilipokuwa ya ghorofa peke yake mtaani. Ilipoanza kuinama, fundi mwashi alishauri itiwe nguzo za miti mpaka itakapobomolewa. Mama yake Mwalimu akaja juu.

"Nyumba ya mume wangu iegemezwe magogo kama banda la kuku? Watu watasema tumekwisha!"

Mwalimu hakuwa na mazoea ya kubishana na mama yake. Nguzo hazikutiwa. Jioni akaendelea kuwafundisha watu wazima Kiingereza barazani, chini ya roshani hiyohiyo, maana ndiko kulikokuwa na upepo.

Alikuwa na desturi moja darasani: neno halipiti bila kuulizwa kwao ni wapi. Siku hiyo muuguzi aliuliza maana ya "imminent".

"Jambo lililo karibu mno kutokea."

"Si ndiyo 'soon' hiyo?" mshona nguo akadakia.

"Hapana, bibie. Harusi yako ndiyo 'soon'."

"Mwalimu nawe! Hiyo 'soon' naisikia tangu nina meno ya utoto!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mwalimu akangoja kitulie.

"Neno hili limetoka Kilatini. Huko maana yake ni kujitokeza na kuning'inia juu ya kitu, kama jabali juu ya njia. Halijaanguka, lakini limekwisha kukuinamia. Kwa mfano..."

Akatafuta mfano, na mkono wenye chaki ukapanda wenyewe. Wote wakainua macho.

"Mwalimu," muuguzi akasema polepole, "na sisi umetuketisha chini yake?"

Mwalimu akaiweka chaki chini. Akawaambia wabebe mabenchi wavuke barabara, kisha akaenda mwenyewe kumwita fundi. Mama yake alipotoka nje, alimkuta ameishikilia nguzo ya kwanza, fundi akiigongomea.

"Mwanangu, unatuvua nguo barabarani!"

"Aibu tutaivumilia, mama. Nikiwaua watoto wa watu, hilo tutalivumilia vipi?"

Mama akaingia ndani, akafunga dirisha.

Roshani ikashushwa kipande kwa kipande, mchana kweupe. Jirani mmoja akasimama, mikono kiunoni.

"Vipi Mwalimu, ghorofa imekushinda?"

"Imenishinda, bwana. Pita upande wa pili, usije ukadondokewa."