Nyota Tano, Halafu Ukale

Kila Ijumaa, kabla hatujaenda kula, afisa utumishi wa kiwanda chetu cha maboksi hushuka ngazi na kitambaa chake cha kufutia miwani. Kwanza hukufutia kioo cha simu, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi, kisha husimama nyuma yako mpaka uisifu kampuni mtandaoni. "Nyota tano tu, mpenzi, halafu ukale." Ukikosa la kuandika, hukutamkia mwenyewe kwa sauti ya kubembeleza: "Hapa usalama wetu kwanza." Hajawahi kumfokea mtu.

Ijumaa iliyopita fundi wa mashine ya kukatia alirudi kazini, siku ya kwanza tangu mashine imjeruhi, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Simu yake hufunguka kwa dole gumba. Afisa akaifuta, akaushika ule mkono ili aubonyeze kwenye kioo, akapapasa kulitafuta dole gumba ndani ya bendeji. Halikuwepo. "Jamani, pole sana kaka yangu," akasema, na machozi yakamlengalenga kweli. Akayafuta kwa kitambaa kilekile. "Lakini namba ya siri unaikumbuka, eti?"