Hakusema Amepona

Mume wangu ni mwashi, na alikuwa mlevi wa kutupwa. Nasema mapema, msije mkasema niliwaficha. Alikunywa mpaka watoto wakajua hatua zake: wakisikia viatu vinaburutwa mlangoni, wanakimbilia chumbani bila kutumwa na mtu.

Akiwa chakari hivyohivyo ndipo alipojenga ukuta wa nyuma wa kanisa letu. Ukatoka na kitambi! Miaka miwili umeegemezwa magogo, na wapita njia wanauliza, "Huo nao umekunywa?"

Sasa ana miezi saba hajagusa. Juzi kanisa likatafuta fundi wa kuujenga upya, naye akaiomba ile kazi kwa moyo wote. Mzee wa kanisa akakubali, ila kwanza asimame Jumapili atamke mbele ya watu kwamba amepona kabisa.

"Si neno moja tu?" nikamwambia. "Liseme, tupate kazi!"

"Mama watoto, mara ya kwanza nililisema. Wiki tatu hazikuisha."

Kweli. Mimi ndiye niliyemwokota mtaroni.

Jumapili akasimama, shati nimelinyoosha mwenyewe. Mzee akauliza, "Umepona?"

"Hapana. Leo sijanywa."

"Na kesho?"

"Kesho sijapewa bado, Mzee. Tunamwomba Mungu mkate wa leo, nami namwomba anivushe leo. Ukuta hausimami kwa kiapo. Kila mstari wa tofali napima kwa timazi, nisipopima unapinda."

Minong'ono ikaanza. Mzee akafunga daftari lake. "Basi tutatafuta fundi aliyeokoka kweli."

Weee! Nikasimama bila kukaribishwa. "Huyu jana kaniomba nimfungie mlango, ufunguo nikae nao mimi! Nani humu ameshawahi kukiri kwamba peke yake hawezi?"

Wengine wakaanza kutafuta vitu kwenye mikoba.

Kazi tukaikosa. Nililia, siwadanganyi.

Jumatatu asubuhi akabeba nyundo kubwa, mimi nikasukuma toroli nyuma yake. Akaupiga ule ukuta mpaka tofali zikaanza kuporomoka. Mzee akaja mbio, kanzu imejaa vumbi.

"Nani kakuruhusu? Kazi hukupewa!"

"Ya kujenga mpe umtakaye, Mzee," mume wangu akasema bila kugeuka. "Huu niliujenga nimelewa. Naubomoa sijanywa."